Mwenye Nyumba, Fundi na Dhamana ya Roshani

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, leo hatukusimama kuzungumzia swala wala funga, bali zege. Huenda baadhi yenu mkastaajabu. Lakini waumini hutujia mara kwa mara wakilalamika kuwa fundi amekwisha lipwa na nyumba mpya imepasuka, nao wanauliza hukumu yake. Tunawajibika kujibu, kwani jambo hili limetufika sisi wenyewe.

Tulipojenga nyumba yetu tulimkabidhi kazi mtu aliyeitwa "injinia" mtaa mzima. Hatukumwomba cheti. Tulijiambia kuwa ni mtu wa safu ya mbele msikitini na kwamba kumchunguza ni dhana mbaya. Lakini tuseme kweli, unafuu wa bei ndio uliotuziba macho. Akatujengea roshani inayotokeza juu ya njia wanayopita watoto kwenda madrasa. Haukutimia mwaka, ufa ukaonekana upande wa juu, pale roshani inapokutana na ukuta. Akasema ni lipu tu, akaja kuziba. Ufa ukarudi.

Ndipo tulipomwita mhandisi aliyesajiliwa. Alichimbua kidogo, akatuonyesha kuwa nondo zote zimelazwa upande wa chini. Akatufahamisha kuwa zege huhimili kugandamizwa, lakini ni dhaifu linapovutwa, na nondo ndizo zinazobeba mvuto huo. Sakafu ya ghorofa iliyoegemea kuta za pande mbili huvutika upande wa chini, hivyo nondo zake kuu hukaa chini. Roshani iliyoshikwa upande mmoja tu huvutika upande wa juu. Nondo zake kuu hazina budi kukaa juu na kuingia ndani ya nyumba vya kutosha. Fundi wetu alifanya kama alivyozoea kwenye sakafu. Mkono wake ulikuwa hodari, elimu ndiyo haikuwapo.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na wengineo, kuwa anayejitia utabibu hali hajulikani kuwa na elimu hiyo hudhamini madhara atakayoleta. Anayejiita mhandisi naye twamwona yumo katika maana hiyo. Sheria ya nchi yetu pia, ile ya Usajili wa Wahandisi ya 1997, haimruhusu asiyesajiliwa kufanya kazi kwa jina hilo.

Lakini msishangilie upesi, enyi wenye nyumba! Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277 Miladia), ameeleza katika Minhaj kuwa kutokeza sehemu ya jengo juu ya njia ni halali ikiwa haiwadhuru wapitao. Hata hivyo, ikianguka na kuharibu, kuna dhamana. Vivyo hivyo kwa aliyejenga ukuta ulioinamia njiani. Basi sisi tuliojiona tumedhulumiwa, tulikuwa tumetundika deni juu ya vichwa vya watoto wa watu.

Tusidhani maafa haya yako mbali. Ijumaa ya Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 16, 2024 likaanguka jengo jingine Kariakoo, na roho nyingi zikapotea.

Kwa hiyo, anayetaka kujenga na aulize jina la mhandisi wake katika Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Huko si kumdhania mtu vibaya. Qur'ani imetuamuru kuandikiana deni hata baina ya waaminio. Mhandisi na azikague nondo kabla zege halijamwagwa, maana likishamwagwa hakuna jicho linaloona ndani. Wala mirunda isiondolewe kwa kuwa fundi anaitaka kwenye kazi nyingine. Zege hupimwa nguvu yake likiwa na siku 28, na siku za mwanzo lahitaji kumwagiliwa maji.

Roshani ile tuliibomoa mwezi wa Shaaban, kwa gharama iliyozidi ile tuliyojengea. Fundi ameahidi kurejesha sehemu ya fedha, na ahadi hiyo safari hii tumeiandika mbele ya mashahidi wawili. Alama yake bado iko ukutani. Anayetaka kuiona na aje baada ya Alasiri.

Wabillahi Tawfiq.