Mti Hauondoki

Ndugu wasikilizaji wa Salamabila, Kabambare na Kasongo, nimeombwa niongee nanyi juu ya kazi yangu. Mimi natumika katika shirika dogo lisilotafuta faida. Tunashughulikia mazingira, maana yake udongo, maji na miti.

Wengi mnatuona tunapita na pikipiki, tumevaa gileti, na mnasema: "Hao wanakula dola." Siwalaumu. Lakini niwaambie ukweli. Mkataba wetu ni wa miezi michache. Fedha za mradi zikichelewa, mshahara nao unachelewa, na nyumbani watoto wanauliza. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2001 inasema kwamba shirika la namna hii halitafuti kuwapatia wanachama wake faida ya mali. Kwa hiyo, baba zetu mashefu, shirika likifika kwenu msione haya. Ombeni karatasi zake. Ulizeni kazi itachukua muda gani na nani atabaki nayo likiondoka. Mfanyakazi mwaminifu hakasirikii maulizo hayo.

Ugumu wa pili ni kuaminiwa. Hapa Salamabila watu wamejifunza kuogopa mtu anayekuja kupima ardhi, na wana sababu. Tunajua habari ya dhahabu ya Namoya. Kampuni ya Banro, iliyotoka Kanada, ilianza kuitoa kwa wingi wa biashara mwaka 2016. Ugomvi juu ya mashimo kati ya kampuni na wachimbaji wadogo haukuisha, na watu wenye silaha wakaingia ndani yake. Mwaka 2018 risasi zililia hapa hapa, na jamaa nyingi zikakimbia. Mwaka 2019 kampuni ikasimamisha kazi. Basi sisi tukifika na kamba ya kupimia, hata kama ni ya kupimia kitalu cha miti, mtu anajiuliza moyoni: "Huyu naye ametumwa na nani?"

Ndugu zangu, nataka kuwaeleza kosa letu moja, kwa sababu kosa hilo lilinifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria.

Katika kijiji kimoja wenyeji waliwaazima wageni waliokimbia vita mashamba ya kulima mihogo. Kuni zilikuwa zimepungua. Mama wa kijiji walisema wageni wanamaliza msitu. Mama wageni walisema wanafukuzwa njiani na kutukanwa. Sisi tukafikiri tuna dawa. Tukaleta miche ya akasia na ya avoka, tukaigawa kwa jamaa za wageni, tukasema: "Pandeni katika mashamba mnayolima, kesho mtakuwa na kuni na matunda." Wakapanda kwa furaha. Tukapiga picha, tukaandika ripoti.

Wiki mbili hazikupita. Asubuhi moja tulikuta miche yote imeng'olewa na kulazwa chini kwa mstari, kama mtu aliyetaka tuione vizuri. Wageni wakasema: "Mnaona? Hawatutaki." Vijana wa pande zote mbili walianza kutembea na mapanga ambayo hayakuwa ya shamba. Mimi niliona haya na niliogopa, maana mapanga yale yaliletwa na miche yetu.

Tulikwenda kwa mzee mwenye ardhi. Hakutugombeza. Alituuliza tu: "Mihogo inakaa ardhini muda gani?" Tukamjibu kwamba ni mwaka mmoja, labda zaidi kidogo. Akasema: "Mwenye mihogo anakula, anaondoka. Lakini mti hauondoki. Baba yangu alinionyesha mipaka yetu kwa michikichi aliyoipanda baba yake. Ninyi mmempa mgeni alama ya kudai shamba langu siku nitakapokufa. Na hamkuniuliza."

Tulikaa kimya. Kwetu mti ulikuwa ni kuni na kivuli. Kwake ulikuwa ni hati ya ardhi. Na mgeni alipanda bila kujua kwamba mkono wake ulikuwa unaandika jambo hilo.

Tulianza upya, na mara hii hatukuanza na miche. Kwa siku tatu tulikaa chini, wenyeji na wageni, shefu wa kijiji, mama na vijana. Siku ya kwanza ilikuwa ya matusi tu. Siku ya pili mama mmoja mgeni alisema: "Mimi sitaki ardhi yenu. Nina ardhi kwetu, na miti ya baba yangu iko kule. Mimi nataka kupika tu." Watu walinyamaza. Siku ya tatu tulipatana hivi. Mti ni mali ya mwenye ardhi, hata kama mgeni ndiye aliyeupanda. Mgeni atalima mihogo katikati ya mistari, na matawi anayoyapunguza ni kuni zake. Kando ya chemchemi hakuna mtu wa kulima wala wa kukata, awe mwenyeji, awe mgeni. Tukayaandika kwenye karatasi, mashahidi wa pande zote wakaweka kidole. Ndipo tukaleta miche mara ya pili.

Sisemi kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Wako waliokataa, na mashamba yao hayakupandwa. Lakini miche iliyopandwa haikung'olewa tena.

Ndugu wasikilizaji, wala si sisi wa kwanza kujifunza hivyo. Katika jimbo letu hili la Maniema, na katika Tshopo, iko Hifadhi ya Taifa ya Lomami iliyoundwa mwaka 2016. Kabla ya hapo watu wa mradi walitembea vijijini kwa miaka, na wazee wakafanya tambiko ili kuomba ruhusa kwa mababu. Msitu ule ndio wenye kima anayeitwa lesula. Wataalamu walimtangaza duniani mwaka 2012 kama mnyama mpya, kumbe wawindaji wa pale walimjua na walikuwa na jina lake zamani. Mwenye elimu akifika kijijini, afike kama mwanafunzi.

Na jirani zetu wa Kenya walikuwa na mama mmoja, Wangari Maathai. Mwaka 1977 alianza na wanawake wachache kupanda miti, kwa sababu walikosa kuni, maji safi na chakula. Mwaka 1989 alipinga jumba refu lisijengwe katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, akatukanwa sana. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Watu wengine waliuliza: miti na amani vinahusiana wapi? Sisi wa huku hatuhitaji kuuliza. Tumeona jamaa mbili zikigombana juu ya mzigo mmoja wa kuni.

Sasa nina maneno matatu, kisha ninawaacha.

Ninyi mliokimbia vita, kabla ya kupanda mti au kukata mti, ulizeni: "Ardhi hii ni ya nani?" Kuuliza hakumpunguzii mtu heshima. Ninyi wenyeji, kumbukeni kwamba mgeni naye ana miti aliyoiacha, na kila jioni anaifikiri. Mwambieni mpaka uko wapi kabla hajaukanyaga. Nanyi baba zetu mashefu, andikeni mapatano wakati watu wanaongea bado kwa upole. Tena amri ya serikali ya tarehe 2 Agosti 2014 inawaruhusu wenyeji kuomba msitu wa jamii, hadi hekta 50,000, bila mwisho wa muda. Msiache jambo hilo kwa wageni wenye karatasi. Kaeni na watu wenu, muamue wenyewe.

Kuhusu mimi, watu wananiuliza kama kazi hii ina faida. Mwezi uliopita nilipita katika kijiji kile. Akasia zimemfikia mtu mabegani. Nilimkuta yule mama mgeni anakata matawi, na mjukuu wa yule mzee anamshikia mzigo. Walikuwa wanabishana juu ya bei ya chumvi. Hakuna aliyenitazama, nami nilipita polepole na pikipiki yangu. Siku ile nililipwa.