Fitri, Lumbesa na Kapu la Serikali

(Mazungumzo baada ya swala ya alasiri, Timau)



Wazee wetu, mama zetu na vijana wenzangu, nimeombwa nizungumzie mfumko wa bei. Nitaanza na fitri, maana kila Ramadhan swali ni lile lile: mwaka huu tutoe shilingi ngapi?

Fitri haikupangwa kwa pesa. Ni pishi moja ya chakula kwa kila mtu, yaani vibaba vinne, takriban kilo mbili na nusu (wengine husema tatu). Pishi haibadiliki, shilingi ndiyo inayobadilika. Sasa kuna ndugu husema, redioni wametangaza mfumko asilimia 5, basi tuongeze asilimia 5 juu ya mchango wa mwaka jana. Hapo ndipo hesabu inapoharibika.

Asilimia ile hutolewa kila mwezi na Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS). Maafisa wake huzunguka masoko na maduka wakiandika bei, kisha kila bidhaa hupewa uzito kulingana na matumizi ya watu. Kapu lililowekewa msingi Februari 2019 lilitokana na uchunguzi wa majumbani wa 2015/16, na chakula kilipewa kama shilingi 33 katika kila 100. Zilizobaki ni kodi ya nyumba, nauli, karo na kadhalika. Kwa hivyo mchele unaweza kupanda sana na kapu zima litikisike kidogo tu.

Na mfumko ukishuka, si ati bei zimeshuka. Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2024 ukawa 2.7. Maana yake, kapu la shilingi 100 mwaka mmoja kabla lilifika 102.70. Lilipanda, ila polepole.

Kuna kipimo kingine, cha bei za wazalishaji, kila robo ya mwaka. Hicho hutazama bei mzigo unapotoka kiwandani, kabla ya ushuru na usafiri. Mkulima wetu wa viazi hayumo humo, naye ndiye anayeumizwa na lumbesa. Kanuni za 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Tuseme gunia ni 3,000 mwaka jana na mwaka huu. Kwa kilo 50 ni shilingi 60 kwa kilo. Likirefushwa mpaka kilo 75, ni 40. Bei ya gunia haijasonga, na theluthi ya jasho lake imekwenda! Wala tusisahau kuna sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la wanaopunja vipimo.

Turudi kwa fitri. Tuseme mwaka jana mchele ulikuwa 160 kwa kilo: pishi ni shilingi 400. Mwaka huu ni 200. Ukiongeza asilimia 5 utatoa 420, na hiyo hununua kilo 2.1. Maskini amepunguziwa. Basi wanaokusanya, kumi la mwisho likiingia, pitieni maduka matatu hapa Timau, andikeni bei ya mchele tunaokula, mzidishe kwa pishi, mbandike mlangoni mwa msikiti.