Baiskeli, Milima na Sahihi Yangu

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja katika mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumzie jambo ninalolipenda nje ya kazi, nalo ni kuendesha baiskeli katika barabara za changarawe za milima ya Usambara. Najua wengine mtacheka. Sisi tuliosoma hapa miaka ya 1990 tuliiona baiskeli kuwa chombo cha kubebea mkaa na kabichi, na mtu akimaliza chuo kikuu matumaini yake yalikuwa gari. Hata mimi nilifikiri hivyo. Nitaeleza nilivyobadilika, wala sitaficha aibu yangu.

Siku hizi mchezo huu una mashindano yake. Wenzetu wa Marekani wanashindana huko Emporia, Kansas, tangu 2006, na hapa Afrika Mashariki yapo mashindano ya Maasai Mara, Kenya, yaliyoanza 2021. Baiskeli zake zina tairi pana kuliko zile za mbio za lami, aghalabu milimita 40 au zaidi, ili zisizame katika mchanga wala kupasuliwa na kokoto. Lakini asiwadanganye mtu kwamba pasipo baiskeli ya fedha nyingi hamwendi popote. Yangu ya kwanza niliinunua kwa fundi, imekwisha tumika, ina gia sita, na mbili kati ya hizo zilikuwa zimekufa.

Sasa njia zenyewe. Barabara ya lami kutoka Mombo hadi Lushoto hupanda karibu mita 1,000 kwa mwendo wa kilomita 33 hivi, ikipita maporomoko ya Soni. Hiyo ni ya mabasi na malori, na mwenye baiskeli aipande alfajiri. Raha huanza ukishaupita msitu wa Magamba, ukaingia njia za udongo mwekundu kuelekea Lukozi, mpaka Mtae, ambako mlima unakatika ghafla na tambarare za Mkomazi zinaonekana chini kabisa. Njia nyingine hutoka Mlalo na kushuka mpaka Mng'aro, penye mashamba ya mpunga.

Katika safari hizo nilijifunza jiografia upya. Maji ya upande mmoja huingia mto Mkomazi na kuungana na Pangani. Maji ya upande wa Mlalo huingia mto Umba, unaovuka mpaka na kumwaga baharini karibu na Vanga, Kenya. Tuliyachora haya darasani tukapewa maksi, tukasahau. Mwenye baiskeli hasahau, kwa sababu huyajua kwa mapaja yake: kila mto una mteremko wa kuuingia na mlima wa kuutokea.

Nije kwenye aibu yangu. Miaka michache iliyopita kazi yangu ilikuwa kukusanya taarifa za barabara za vijijini. Sitaitaja ofisi wala kijiji, maana kosa lilikuwa langu. Katika orodha palikuwa na barabara moja ya bondeni, na mbele yake maneno haya: inapitika mwaka mzima. Aliyeikagua alikwenda kwa gari, wakati wa kiangazi, akageuzia upande wa juu kabla ya kufika mtoni. Sikumwuliza alifika wapi. Nikatia sahihi.

Jumamosi moja ya mwezi wa Mei, masika yakiwa yanaelekea ukingoni, niliteremka bonde hilo kwa baiskeli, kwa starehe yangu tu. Nilipofika mtoni barabara haikuwapo. Kalavati lilikuwa limezibwa na matope na matawi, maji yakaruka juu na kuichimba njia pana kuliko chumba hiki tulichomo. Vijana wanne walikuwa wakivuka na machela. Juu yake alilala mama mjamzito, na ng'ambo pikipiki ilikuwa ikimngojea.

Alikuwapo mzee mmoja akiwaelekeza mahali pa kukanyaga. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akaitika, akaniuliza natoka wapi na nafanya kazi gani. Nikamweleza. Akatazama maji kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, huko ofisini kwenu barabara hii mnaiitaje?"

Ndugu zangu, nilikosa jibu. Niliiacha baiskeli kwenye majani, nikashika mti mmoja wa machela.

Yule mama alifika hospitali akajifungua salama. Jumatatu niliandika barua ya kuisahihisha taarifa yangu mwenyewe. Mkubwa wangu hakufurahi, maana taarifa ilikuwa imekwisha kwenda juu, lakini barua ikafuata. Wanakijiji walilizibua kalavati kwa majembe kwa siku mbili, na fedha ya kujenga kingo ilipatikana mwaka uliofuata. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huzibwa na aliyeuona.

Jambo hili si geni katika milima yetu. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli, hapo hawakukosea. Lakini mpango ulikuja kwa amri na adhabu, watu wakaukataa, ukaachwa kabla ya Uhuru wa 1961. Basi hata wazo lenye ukweli ndani yake laweza kuharibika likiletwa na mtu asiyemsikiliza mwenye shamba.

Wadogo zangu, mtakaopenda kujaribu, shikeni haya machache. Kagua breki zote mbili kabla ya kuondoka, si mlimani. Katika mteremko mrefu usizibane mfululizo, kwani hupata moto na mpira wake huisha. Bana, achia, kisha bana tena, ukikaa nyuma kidogo ya kiti. Punguza upepo wa tairi kidogo kwenye kokoto. Beba pampu, viraka, solusheni na maji. Mvua ikinyesha juu ya udongo mwekundu, shuka utembee. Na mto wenye maji ya rangi ya matope usiuvuke. Hujui kilichopo chini. Ngoja, au rudi. Kurudi si kushindwa.

Namaliza kwa ombi, Ndugu Mwenyekiti. Chama chetu kila mwaka huchangia rangi ya madarasa. Ni jambo jema. Mwaka huu naomba tuongeze baiskeli tatu, na mimi natoa ya kwanza. Kila likizo wanafunzi wachache, pamoja na mwalimu, wapite bonde moja wakiwa na daftari. Waandike palipo na kivuko, kalavati lililoziba na chemchemi iliyokauka, kisha nakala moja waipeleke serikali ya kijiji na nyingine ibaki maktaba hapa. Baadhi yao siku moja watakaa kwenye meza kama yangu na kuletewa orodha za kutiwa sahihi. Ningependa waikumbuke njia kabla ya kuishika kalamu.