Mali bila daftari: Kwa nini ghala la nakala rudufu lazima likue pamoja na rekodi

Matini ya mazungumzo kwa wananchi na maafisa wa wadi kuhusu hifadhi ya rekodi za umma



Kila mara makadirio ya bajeti ya kaunti yanapofikishwa kwa umma, kuna kifungu kinachowafanya watu wengi wakunje uso. Kifungu cha zahanati kinaeleweka, na cha barabara ya muramu vilevile. Lakini mwananchi akisoma kwamba fedha zinaombwa ili kuongeza nafasi katika mfumo wa nakala rudufu, huuliza: nafasi gani hiyo isiyoonekana? Si ilinunuliwa mwaka juzi? Kwa nini fedha hizo zisiende kwenye dawa?

Swali hilo ni halali na linastahili jibu la wazi. Wahenga walishalijibu nusu yake waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nusu iliyobaki ndiyo mada ya leo.

Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Katiba ya 2010, kupitia Jedwali la Nne, ilizikabidhi huduma za afya za kaunti, kilimo, leseni za biashara, elimu ya chekechea, masoko na mengine mengi. Kila huduma huzaa rekodi. Mama anayelipa kodi ya ploti anahitaji kumbukumbu inayoonyesha kwamba alilipa. Mgonjwa wa kisukari anahitaji historia ya matibabu yake ifuatwe kutoka kliniki moja hadi nyingine. Mwanafunzi anahitaji jina lake libaki katika orodha ya basari. Mwanakandarasi aliyemaliza kazi anahitaji hati itakayomwezesha kulipwa. Zamani rekodi hizo zilikaa kwenye faili za manila ndani ya kabati. Leo nyingi zimo ndani ya kompyuta, na kompyuta huharibika, huibwa, huungua na hushambuliwa na wahalifu wa mtandaoni.

Ndiyo maana kuna nakala rudufu. Hii ni nakala ya pili inayowekwa kando ili ya kwanza ikipotea, kazi iendelee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azingatie uwezo wa kuzirejesha kwa wakati baada ya ajali au hitilafu. Kwa hiyo nakala rudufu si anasa ya ofisi ya teknolojia. Ni sehemu ya wajibu wa kumlinda mwananchi.

Mfano wa karibuni unatoka Korea Kusini, nchi inayosifika duniani kwa huduma za serikali za kidijitali. Tarehe 26 Septemba 2025, moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali mjini Daejeon. Ulianzia kwenye betri za kuhifadhi umeme. Zaidi ya mifumo 600 ya serikali ilisimama. Mingine ilirejeshwa baada ya siku au wiki, lakini mmoja ulipotea pamoja na vilivyokuwamo. Uliitwa G-Drive. Watumishi wa umma wapatao 125,000 walikuwa wakihifadhi humo hati zao za kazi, jumla ya terabaiti 858. Maafisa walieleza kwamba haukuwa na nakala rudufu nje ya kituo kile kwa sababu ulikuwa mfumo wa uwezo mkubwa wa kuhifadhi lakini wenye kasi ndogo.

Hapo ndipo penye funzo. Wakorea hawakukosa wataalamu. Ghala la kazi lilikuwa kubwa, na halikuwa na nakala nje ya kituo. Kilichoonekana kikubwa mno kunakiliwa ndicho kilichopotea.

Sasa ni vizuri kueleza mfumo wenyewe. Seva ni kompyuta kubwa inayohudumia kompyuta nyingine. Siku hizi seva moja hugawanywa ndani kwa ndani, kama ploti yenye vyumba vya kupangisha. Kila chumba kinaitwa mashine pepe, na hujiendesha kana kwamba ni kompyuta kamili. Chumba kimoja kina mfumo wa mapato, kingine mfumo wa hospitali, kingine barua pepe. Mfumo wa nakala rudufu wenyewe unaweza kuwa mashine pepe pia, mpangaji ambaye kazi yake ni kuchukua nakala za majirani kila usiku. Kama mpangaji yeyote, anahitaji stoo, na stoo hiyo hujaa.

Hujaa vipi? Chukua mfano wa hesabu tu, si takwimu za kaunti yoyote. Mashine pepe zote zina terabaiti 10. Nakala ya kwanza hubeba kila kitu, yaani terabaiti 10. Baada ya hapo mfumo hubeba mabadiliko ya siku peke yake. Ikiwa asilimia 2 hubadilika kila siku, hizo ni gigabaiti 200. Ukitaka kuweza kurudi nyuma siku 30, zidisha: terabaiti 6. Jumla ni 16. Kisha rekodi zenyewe zinaongezeka. Zikikua kwa asilimia 20 kila mwaka, baada ya miaka mitatu zile terabaiti 10 zimekuwa zaidi ya 17, na stoo inayohitajika ni karibu terabaiti 28.

Mfumo unaweza kubana nakala na kufuta marudio, na hilo huokoa nafasi. Lakini picha za eksirei na video huwa zimekwisha kubanwa tangu mwanzo, kwa hiyo hazipungui sana. Anayenunua nafasi ya leo tu, bila kukadiria kesho, atarudi kuomba fedha mapema kuliko alivyoahidi.

Stoo ikijaa, moja kati ya mambo mawili hutokea. Ama mfumo hukataa kuchukua nakala mpya, ama hufuta za zamani ili kupata nafasi. Katika hali zote mbili ofisi hufunguliwa asubuhi kama kawaida na wananchi huhudumiwa. Hakuna anayegundua, hadi siku ya msiba. Kwa sababu hiyo ni busara kuweka tahadhari ilie nafasi inapofika asilimia 70 au 80, wala si 99. Ununuzi wa umma una hatua zake, na haungoji diski.

Kuna njia mbili za kuongeza nafasi. Ya kwanza ni kuongeza diski mpya, sawa na kumjengea mpangaji stoo ya pili. Ya pili ni kupanua diski iliyopo, sawa na kusogeza ukuta wa stoo aliyonayo.

Kupanua kuna urahisi wake, kwa kuwa jina na mahali pa hifadhi havibadiliki. Lakini ukuta ukisogezwa, mpangaji lazima aambiwe. Mtaalamu akiongeza ukubwa wa diski upande wa seva, mfumo wa uendeshaji ulio ndani ya mashine pepe hautumii nafasi hiyo mpya mpaka kizigeu na mfumo wa faili vipanuliwe pia. Ofisi inaweza kulipia nafasi na isiipate kwa sababu hatua hii ya mwisho ilisahaulika. Tena mpangilio wa kizamani wa diski, unaojulikana kama MBR, hauvuki terabaiti 2. Anayetaka kupita hapo anahitaji mpangilio mpya wa GPT.

Kuongeza diski mpya kunafaa pale ile ya zamani imefika kikomo, au nafasi mpya inapotoka kwenye mtambo mwingine wa kuhifadhi. Tahadhari yake ni hii: diski mbili zikiunganishwa kuwa ghala moja bila ulinzi wa ziada, kufa kwa moja kunaweza kuharibu ghala zima. Mtu anadhani ameongeza usalama, kumbe ameongeza sehemu zinazoweza kuvunjika. Kabla ya kuunganisha, mtaalamu ahakikishe kila diski inalindwa na mpangilio wa diski unaostahimili kufa kwa mojawapo.

Kwa njia yoyote ile, mpangilio wa kazi ni mmoja. Kwanza, thibitisha kwamba nakala ya mwisho ni nzima, na usimamishe ratiba ya kunakili. Pili, hakikisha nafasi ya kweli ipo katika mtambo wa chini. Tatu, ondoa picha za muda za mashine pepe zilizoachwa, kwa maana katika mifumo kama VMware diski haipanuliwi ikiwa bado ina picha hizo. Nne, ongeza au panua. Tano, uujulishe mfumo wa uendeshaji. Sita, washa ratiba, chukua nakala, kisha urejeshe faili moja kama jaribio. Na kuna jambo la kukumbuka kabla ya yote hayo: kupanua diski ni rahisi, kuipunguza ni kazi ngumu na wakati mwingine haiwezekani. Kwa hiyo kipimo kifanywe kabla, si baada.

Hatua ya pili ina mtego. Teknolojia ya mashine pepe inaruhusu kuahidi nafasi ambayo bado haipo. Seva yenye terabaiti 20 inaweza kuwaahidi wapangaji wake 30, kwa matumaini kwamba hawatazitumia zote kwa pamoja. Ni kama ukumbi wa viti 200 kugawa kadi 300 za mwaliko. Mambo huenda vizuri hadi wageni wote wafike. Nafasi halisi ikiisha, mashine zinazoihitaji zaweza kusimama ghafla, na huduma nazo husimama. Kwa hiyo ripoti ikisema nafasi imeongezwa, swali la kuuliza ni kama iliyoongezwa ni diski ya kweli au ni ahadi.

Wapi ghala hili likae? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto uliteketeza jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Baadhi ya wateja waliokuwa na nakala rudufu walizipoteza pamoja na data yenyewe, kwa sababu zote zilikaa mahali pamoja. Ufunguo wa akiba ukiachwa ndani ya nyumba iliyofungwa, haumsaidii mwenyewe. Wataalamu hufuata kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za data, juu ya aina mbili za vifaa, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa. Ni vyema kuongeza kwamba nakala moja isiweze kufutwa wala kubadilishwa kutoka kwenye mtandao wa ofisi, maana wahalifu wanaofunga data ili walipwe fidia hulenga nakala rudufu kwanza.

Hata hivyo, si kila stoo iliyojaa inahitaji stoo nyingine. Wakati mwingine inahitaji kufagiwa. Sheria ya Ulinzi wa Data haitaki taarifa binafsi ziwekwe muda mrefu kuliko inavyohitajika. Upande wa pili, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inataka rekodi za zabuni zitunzwe angalau miaka sita baada ya mkataba kukamilika. Kwa hiyo kila idara inapaswa kuwa na orodha: kipi kinatunzwa, kwa muda gani, na nani anaidhinisha kufutwa kwake. Bila orodha hiyo kaunti inaweza kulipia nafasi ya takataka na wakati huohuo kufuta hati inayohitajika mahakamani.

Ndugu wananchi, hakuna anayetarajiwa kuwa mtaalamu wa seva ili aseme neno kuhusu bajeti hii. Maswali matano yanatosha. Je, rekodi zinakua kwa kiasi gani kila mwaka, na nafasi inayoombwa itatosha hadi lini? Je, kuna mfumo wowote muhimu ambao haunakiliwi? Je, nakala moja ipo nje ya jengo? Je, orodha ya vinavyofutwa ipo na imeidhinishwa? Na la mwisho, ambalo ni kubwa kuliko yote: mara ya mwisho kurejesha rekodi kutoka kwenye nakala kama jaribio ilikuwa lini, na ilichukua saa ngapi?

Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni tumaini tu. Idara inayoweza kujibu swali hilo la tano kwa tarehe na kwa saa inastahili kusikilizwa inapoomba nafasi zaidi. Isiyoweza, ianze na jaribio kabla ya kununua diski.

Fedha za dawa na fedha za rekodi hazishindani kama zinavyoonekana. Daktari aliyepoteza historia ya mgonjwa huanza upya, hurudia vipimo, na mgonjwa hungoja. Karani aliyepoteza daftari la malipo humdai mjane kodi aliyokwisha kulipa. Gharama ya hasara hiyo haiandikwi kwenye bajeti, lakini kuna anayeilipa, na mara nyingi ni yule asiyekuwa na risiti ya karatasi.