Barua ya uhamisho ikifika: nyumba au shule kwanza?

Tangu Serikali ya Tanzania ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, maelfu ya watumishi wamejikuta wakitafuta nyumba na shule kwa wakati mmoja. Wengi huanza na nyumba. Hapo ndipo gharama zinapoanzia.

Mji wa Serikali uko Mtumba, takriban kilomita 17 mashariki mwa katikati ya jiji. Anayepanga Area C huwa karibu na soko na hospitali, lakini kila asubuhi anaanza safari ndefu kwenda kazini. Aliyepanga Ihumwa yuko jirani na ofisi. Swali lake ni mtoto asome wapi, na arudi kwa usafiri gani. Nzuguni iko katikati ya maeneo hayo mawili, kando ya barabara ya Dar es Salaam. Mtoto wa darasa la kwanza anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kusubiri basi la shule husinzia darasani, na hakuna ada inayofidia usingizi huo.

Shule ichaguliwe kwanza, nyumba ifuate. Mzazi aulize pia lugha ya kufundishia: mtoto anayetoka shule ya Kiingereza kuingia ya Kiswahili, au kinyume chake, anahitaji muda wa kuzoea. Watahiniwa wa mitihani ya taifa husajiliwa na shule zao mapema, hivyo kumhamisha mtoto katikati ya mwaka wa mtihani ni kumtia mashakani.

Mzazi, kabla hujalipa kodi ya miezi sita, nenda shuleni asubuhi ya siku ya masomo, uhesabu madawati na uonje maji ya bombani.