Saa Isiyosonga: Mvuto wa The Simpsons kwa Watazamaji Wazima

Katuni za runinga, yaani michoro inayopangwa mfululizo hadi ikaonekana kutembea na kusema, zimezoeleka kuhesabiwa kuwa burudani ya watoto, ingawa tangu mwaka 1960, The Flintstones ilipoanza kuonyeshwa Marekani saa za jioni, ilidhihirika kwamba watu wazima nao huzifuatilia kwa hamu. Mhadhara huu unachunguza The Simpsons, tamthilia ya vichekesho iliyobuniwa na Matt Groening, ambayo ilianza mwaka 1987 kama vipande vifupi ndani ya kipindi cha Tracey Ullman, ikajitegemea katika kituo cha Fox mnamo Desemba 1989, na imeendelea kwa zaidi ya miongo mitatu. Hoja inayotetewa ni kwamba chimbuko la mvuto wake ni wahusika kutozeeka, na kwamba hilohilo ndilo chimbuko la udhaifu wake.

Katika mji wa kubuni wa Springfield, Bart ana miaka 10 na Lisa 8, Maggie angali mtoto mchanga, na baba yao, Homer, hukagua usalama katika kiwanda cha umeme wa nyuklia. Mwigizaji mtoto hubaleghe na kuacha nafasi yake, ilhali mhusika wa kuchorwa hana lazima hiyo, kwa hiyo anayekua ni mtazamaji peke yake: aliyeanza akiwa rika la Bart, akifurahia utundu wake, hujikuta amefikia umri wa Homer, mwenye madeni na mwajiri asiyekumbuka hata jina lake, na mzaha uleule ukawa na maana nyingine.

Sehemu moja iliyoonyeshwa mwaka 1995 yaonyesha jambo hili waziwazi. Homer anaacha kazi anayoichukia ili aajiriwe katika ukumbi wa mchezo wa kuangusha vigingi, lakini mimba ya mkewe, atakayemzaa Maggie, inamlazimu kurudi kiwandani kuomba msamaha, na mwajiri wake, Burns, anatundika mbele ya meza yake bango la kumkumbusha kwamba hatatoka humo milele. Homer anabandika picha za Maggie juu ya baadhi ya herufi, mpaka zilizobaki zinamwambia afanye yote kwa ajili ya binti huyo. Mtoto huona baba anayempenda mwanawe. Mtu mzima huona pia bei ya upendo huo.

Saa iliyosimama huzaa vilevile kinaya, yaani hali ambapo linalotokea ni kinyume cha linalostahili. Mwaka 1997 aliletwa Frank Grimes, mfanyakazi mwenye bidii na maisha magumu, ambaye hawezi kuelewa kwa nini uzembe wa Homer haumletei madhara yoyote; anapoamua kumwigiza kwa hasira, anashika nyaya za umeme na kufa, na mazikoni waombolezaji wanacheka kwa sababu Homer anaongea usingizini. Grimes anaadhibiwa kwa kudai kwamba matendo yawe na matokeo katika mji usio na kesho, na kicheko cha mtazamaji aliyewahi kuona wazembe wakipandishwa cheo huwa na uchungu ndani yake.

Hata hivyo, kisichozeeka hakijirekebishi. Apu, mwenye duka mwenye asili ya Kihindi, alipewa sauti na lafudhi na Hank Azaria, Mmarekani Mzungu, na watoto wa wahamiaji waliokua wakidhihakiwa kwa lafudhi hiyo walifikia umri wa kusema. Miongoni mwao Hari Kondabolu, mchekeshaji, alitoa filamu ya kumkosoa mhusika huyo mwaka 2017. Mwaka 2020 Azaria aliiacha nafasi hiyo, na watayarishaji wakatangaza kwamba waigizaji Wazungu hawatatoa tena sauti za wahusika wasio Wazungu.

Kwa hiyo, uhakiki wa tamthilia ya aina hii haukamiliki kwa kuchambua michoro na maneno pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya maana yake hutokana na miaka ambayo watazamaji wenyewe wameishi, na miaka hiyohiyo inayowazidishia mapenzi nayo ndiyo inayowapa haki ya kuidai hesabu.