Duka Jipya Linaongeza Nini? Kupima Athari za Maduka Makubwa kwa Biashara ya Katikati ya Jiji la Arusha na Soko la Tengeru

Mada ya semina kwa madiwani, viongozi wa masoko na wafanyabiashara, Akheri

1. Utangulizi



Mwekezaji anayeleta mchoro wa jengo la maduka huja na hesabu tatu: gharama za ujenzi, idadi ya ajira na kodi atakayolipa. Mara nyingi hesabu hizo ni za kweli. Kasoro yake ni kwamba zote ni za kuingiza. Hesabu ya kutoa haiwekwi mezani: mauzo yatakayohama kutoka masoko ya Soko Kuu, Kilombero na Tengeru na maduka ya mitaani, pamoja na riziki za watu walioyategemea.

Hoja ya mada hii ni moja. Duka jipya lipimwe kwa kile linachobakiza baada ya kutoa kile linachohamisha, na kipimo hicho kifanyike kabla ya kibali kutolewa. Sisemi maduka makubwa yazuiwe. Nasema tusipokee nusu ya hesabu.

2. Tuliyokwisha kuyaona

Arusha haihitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Shoprite ya Afrika Kusini iliingia Tanzania, na tawi lake la Arusha likawa mpangaji mkuu katika majengo ya TFA, mwisho wa Barabara ya Sokoine. Mwaka 2014 Shoprite iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya. Miaka michache baadaye Nakumatt nayo ikaanguka. Ilipofika Januari 2020, wadai wake jijini Nairobi walipiga kura kampuni ifilisiwe, ikiwa na madeni yanayokadiriwa kufikia shilingi bilioni 30 za Kenya. Kabla ya hapo, mwaka 2015, kampuni nyingine ya supamaketi ya Kenya, Uchumi, ilikuwa imekwisha kufunga maduka yake ya Tanzania na Uganda.

Kuna mafunzo mawili hapa. La kwanza, mpangaji mkuu akiondoka haondoki peke yake. Wenye fremu ndogo pembeni yake walilipa pango kubwa kwa kutegemea watu wanaopita kwenda supamaketi, na siku milango inapofungwa, wao bado wanadaiwa kodi ya miezi iliyobaki. La pili, supamaketi huchukua bidhaa kwa msambazaji na kulipa baadaye, pengine baada ya miezi miwili au mitatu. Kampuni ikifilisika, msambazaji mdogo husimama nyuma kabisa kwenye foleni ya wadai. Kwa hiyo uhai wa kampuni nao ni sehemu ya athari za kiuchumi. Ajira 100 za miaka mitatu si sawa na ajira 100 za miaka 20.

3. Mauzo mapya na mauzo yaliyohama

Jengo jipya haliongezi mshahara wa mtu. Mkazi wa Akheri mwenye shilingi 20,000 za matumizi ya wiki ataendelea kuwa na shilingi 20,000 hata yakijengwa maduka kumi. Fedha mpya kweli hutoka sehemu tatu tu: wageni, wakiwemo watalii na kampuni zinazowahudumia, wakazi waliokuwa wakinunua Nairobi, Dar es Salaam au Moshi na sasa wananunua hapa, na nafuu ya bei inayomwachia mteja chenji ya kununulia kitu kingine. Zinazobaki zote zimehama tu.

Tuchukue mfano wa kubuni ili njia ya hesabu ionekane. Duka linatarajia kuuza shilingi milioni 10 kwa siku. Tukiuliza wateja, tukakuta milioni 7 zilikuwa zikitumika sokoni na mitaani, milioni 2 zinatoka kwa wageni na waliokuwa wakinunua nje, na milioni 1 inatokana na nafuu ya bei, basi mauzo mapya ni milioni 3, si 10. Zile milioni 7, kwa duka la mtaani linalouza 200,000 kwa siku, ni sawa na mauzo ya maduka 35. Yakiwa na watu wawili wawili, hao ni watu 70. Mwekezaji akiahidi ajira 60, furaha inahitaji kusubiri kidogo. Kweli, si maduka yote 35 yatafungwa. Mengi yatapunguza bidhaa, yataachisha msaidizi, au mwenye duka ataishi kwa faida ndogo zaidi. Lakini hayo nayo ni hasara, ingawa hayaandikwi popote.

Kwenye kodi, tukiri kwamba mwekezaji ana hoja. Kodi ya duka kubwa lenye mashine za risiti hukusanyika kwa urahisi kuliko ya vibanda 35, hivyo hata mauzo yaliyohama tu yanaweza kuongeza mapato ya Serikali. Halmashauri nayo hupata ushuru wa huduma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa kiwango hicho, mfano wetu unatoa shilingi 30,000 kwa siku. Iwekwe kwenye mizani pamoja na ushuru wa soko, leseni na pango la vizimba vitakavyobaki wazi.

4. Pesa inalala wapi?

Mwaka 2004 kampuni ya utafiti ya Civic Economics ilifanya uchunguzi katika mtaa wa Andersonville, Chicago. Ilikuta kwamba katika kila dola 100 zilizotumika kwenye biashara za wenyeji, dola 68 zilibaki katika uchumi wa jiji hilo. Zilizotumika kwenye maduka ya kampuni kubwa, zilibaki 43. Wapo wanaozinukuu takwimu hizo kana kwamba ni kanuni ya dunia nzima. Tusifanye hivyo, kwa sababu hapa kwetu jibu linategemea bidhaa.

Kilo ya sukari ya TPC inatoka Arusha Chini, Moshi, iwe imenunuliwa kwa Mangi wa duka la mtaani au supamaketi. Tofauti ya kinachobaki ni ile faida ndogo ya muuzaji. Kwa sabuni, mafuta ya kula na soda, ugomvi kati ya duka kubwa na dogo ni mdogo kuliko kelele zake.

Ndizi ni habari nyingine. Fuateni mkungu mmoja wa Akheri siku ya soko Tengeru, Jumatano au Jumamosi. Alfajiri umekatwa shambani, kati ya migomba na kahawa. Mama ameushusha kwa bodaboda hadi sokoni na kulipa ushuru. Dalali amekaa kati yake na mnunuzi wa jumla, akachukua chake. Mbeba mizigo ameupandisha kwenye fuso. Wote hao, kabla jua halijakaa utosini, wamekunywa chai na kula kwa mama lishe, na mwenye ndizi amepita kwenye mitumba na kununua kiatu cha mtoto kabla ya kupanda mlima. Mkungu mmoja umegusa mifuko ya watu sita au saba, wote wakiishi ndani ya kilomita chache.

Supamaketi ikinunua ndizi hizo kwa wakulima wa Meru, sehemu ya mnyororo huu inabaki, na mkulima anaweza hata kupata bei ya uhakika. Ikileta matunda na mboga zake kutoka ghala la mbali, mnyororo mzima unakatika. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwekezaji liwe: mboga, matunda, maziwa, nyama na mayai utanunua kwa nani, na utalipa baada ya siku ngapi?

5. Mikopo isiyoonekana kwenye vitabu

Biashara ndogo inaendeshwa kwa imani. Mwenye duka la mtaani huchukua mzigo kwa mali kauli kutoka kwa muuza jumla mjini, naye humkopesha jirani kwa daftari hadi mwisho wa mwezi. Huuza mafuta ya kupima, robo ya sukari na sabuni ya kipande. Familia yenye kipato cha siku kwa siku inaishi kwa huduma hiyo, ambayo supamaketi haitoi. Duka la mtaa likifa, mwenye gari amepoteza kidogo. Asiye na akiba amepoteza benki yake. Ndiyo maana wastani wa bei hautoshi kuwa kipimo. Tuulize nani anapata nafuu ya bei na nani anaikosa.

6. Mahali ni nusu ya athari

Katikati ya mji huishi kwa safari moja yenye shughuli nyingi. Mtu anakuja benki, anapitia famasi, ananunua vitabu vya shule, kisha anachukua nyanya kabla ya kupanda hiace. Shughuli moja ikiondolewa, nyingine nazo hupungukiwa. Dar es Salaam, mabasi ya mikoani yalipohamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021, waliokuwa wakiuzia abiria Ubungo walibaki na eneo lisilo na abiria hao. Machinga Complex ya Ilala, iliyokamilika mwaka 2010, ilionyesha upande wa pili: jengo lilikuwepo, lakini wafanyabiashara walizikwepa ghorofa za juu kwa kuwa wateja hawapandi huko. Biashara ndogo hufuata miguu ya watu.

Kwetu, miguu hiyo imekwisha kubadili mwelekeo. Barabara ya njia nne kutoka Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, imeisogeza Akheri karibu na mjini, na imeusogeza mji karibu na Tengeru. Mkazi wa Patandi anaweza kwenda kununua mjini na kurudi mapema. Mkazi wa Njiro anaweza kuja kufuata ndizi sokoni. Jengo litakalowekwa kando ya barabara hii litavuta pande zote mbili.

Profesa Kenneth Stone wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, alichunguza kwa miaka mingi miji iliyopata maduka ya Walmart. Mji uliopokea duka uliongeza mauzo, na hata hoteli za chakula na maduka ya samani yaliyouza vitu tofauti yalinufaika. Waliouza vitu vilevile waliumia. Iliyoumia zaidi ilikuwa miji midogo ya jirani. Kwetu hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa wateja wale wale wanagawanywa na mipaka ya halmashauri tatu: Jiji la Arusha, Wilaya ya Arusha na Wilaya ya Meru. Duka likijengwa mpakani, halmashauri moja itaandika faida, nyingine itabeba hasara, na hakuna atakayejumlisha.

7. Mapendekezo

Kwanza, halmashauri hizi tatu zikubaliane juu ya ukubwa wa duka ambao ukivukwa, tathmini ya athari za kibiashara iwe lazima. Uingereza, tangu 2012, kiwango cha kawaida kwa maduka ya nje ya katikati ya mji kimekuwa mita za mraba 2,500. Chetu kinaweza kuwa kidogo zaidi.

Pili, kabla ya kibali, ifanyike hesabu ya mwanzo: fremu zilizo wazi, vizimba vinavyofanya kazi, ushuru unaokusanywa na idadi ya watu wanaopita, siku ya soko na siku ya kawaida. Vijana wa vyuo vya hapa Tengeru wanaweza kuifanya kwa gharama ndogo, kisha irudiwe baada ya mwaka mmoja na baada ya miaka mitatu.

Tatu, masharti ya kununua mazao ya Meru na muda wa kuwalipa wasambazaji yaandikwe kwenye mkataba. Vikundi vya akina mama vinavyosindika asali, kahawa na viungo visaidiwe kupata alama ya ubora ya TBS na msimbomilia. Bila hivyo havitaiona rafu.

Nne, sehemu ya mapato ya jengo jipya irudi kwenye masoko ya zamani: paa, mifereji, vyoo, taa na mahali pa kushushia mzigo. Supamaketi haishindi kwa bei peke yake. Inashinda pia kwa sakafu isiyo na tope.

8. Maswali ya majadiliano

(a) Katika bidhaa mnazouza, zipi zitahamia duka kubwa kwanza, na zipi hazitahama?
(b) Ni tathmini gani tunayoweza kuifanya sisi wenyewe mwaka huu, bila kusubiri mwekezaji?
(c) Ushuru wa Tengeru unaokusanywa siku za soko umerudi kwa kiasi gani kwenye soko lenyewe?

Naomba tuanze na swali la tatu, kwa sababu jibu lake tayari limo kwenye vitabu vya halmashauri, na madiwani waliopo hapa wana haki ya kuviomba.